Idadi na Hesabu

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku bila ya kudhurika: idadi na hesabu. Idadi ni jibu la swali "ngapi?" Hesabu ni zaidi ya hapo. Mwenye duka hufunga hesabu za mwaka. Mtoto aliyetumwa sokoni hutoa hesabu ya fedha alizopewa. Waumini huingoja Siku ya Hesabu, na hakuna hata mmoja anayedhani kuwa ni siku ya kujumlisha na kutoa tu. Katika kila mfano kuna anayeuliza na kuna anayepaswa kujibu. Idadi yaweza kuandikwa daftarini, na daftari likafungiwa kabatini. Hesabu haikamiliki mpaka mtu asimame mbele ya mwenziwe aseme: nilikabidhiwa hiki, nikafanya hiki, kimebaki hiki.

Tofauti hii ya maneno huwa na uzito mkubwa inapofikishwa kwenye kazi moja ya zama hizi, nayo ni kuwahesabu viumbe wa mwitu katika maeneo yaliyotengwa kwa hifadhi. Pomboo huhesabiwa baharini, ndege msituni, vyura mabondeni. Watu wenye elimu na subira huingia huko na madaftari yao, hukaa siku nyingi, hurudi na namba, na namba hizo husomwa katika mikutano iliyo mbali sana na bahari na msitu. Hakuna mwenye akili atakayeiita kazi hiyo mbaya. Lakini maswali ya maadili hayazuki katika mambo mabaya peke yake. Ipo haja ya kuuliza: anayehesabu anadaiwa nini na anayehesabiwa? Kujua kwamba wamebaki kadha wa kadha, je, ni wema uliokwisha timia, au ni deni lililoanza siku hiyo?

Milima ya Uluguru, inayouinamia mji wa Morogoro kutokea kusini, ni mahali pafaapo kulipima swali hili. Ni milima mikongwe, imesimama peke yake kati ya tambarare zenye joto, na mawingu yatokayo Bahari ya Hindi huigonga na kuiachia mvua. Kwa sababu ya upweke huo wa tangu na tangu, misitu yake imelea viumbe wasiopatikana penginepo popote duniani. Mmoja wao ni ndege aitwaye kipwe wa Uluguru, mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano. Arthur Loveridge alikusanya viumbe katika milima hiyo mwaka 1926, na mwaka uliofuata ndege huyo akapewa jina lake la kisayansi. Kupewa jina, hata hivyo, si kujulikana. Kipwe huyu hukaa juu kabisa, kwenye matawi ya miti mirefu, na mtu anaweza kutembea chini yake mchana kutwa asimwone. Anayetaka kumhesabu hana budi kujifunza sauti yake, asimame kimya, asikilize. Uchunguzi wa miaka ya 1999 na 2000 ulikadiria kuwa katika msitu wa Uluguru ya Kaskazini kulikuwa na jozi zipatazo 1,200. Nje ya milima hiyo, katika dunia nzima, idadi yake ni sifuri.

Mkazi wa visiwani anaweza kuuliza, milima ya bara inamhusu nini? Jibu moja ni maji. Mto Ruvu huanzia katika milima hiyo, huteremka kwenye tambarare, huwanywesha watu wa Dar es Salaam, kisha humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo, mkabala wa Unguja. Jibu la pili ni kwamba swali la Uluguru ndilo swali la Kizimkazi. Huko kusini mwa Unguja, katika Ghuba ya Menai iliyotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, pomboo huhesabiwa kwa mapezi yao ya mgongoni. Kila pezi lina mikato na makovu yake, mfano wa alama za vidole kwa binadamu. Hupigwa picha, picha zikalinganishwa mwaka hata mwaka, na kwa njia hiyo hujulikana nani amerudi na nani hakuonekana tena. Uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa katika maji hayo pomboo wenye mdomo wa chupa hawakufika 200, na wale wenye nundu hawakufika 100. Mlimani mtu husikiliza, baharini mtu hutazama. Lakini kote kuwili humfuata kiumbe asiyejua kuwa anafuatwa, wala hakuomba kuhesabiwa.

Basi kuhesabiwa ni heri au ni shari? Wazee wengi, wa pwani na wa bara, hawapendi mtoto anyooshewe kidole na kuhesabiwa. Mgeni akiuliza, "Una watoto wangapi?" hujibiwa, "Alhamdulillahi, wapo." Wasomi wa mjini huicheka tabia hiyo na kuiita ushirikina. Lakini huenda ndani yake umo ujuzi ambao ushirikina ni ganda lake tu. Kinachohesabiwa huwa kimeanikwa, na kilichoanikwa ni rahisi kuchukuliwa. Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba katika koloni lao mwaka 1897, nyumba zilihesabiwa, na kila nyumba iliyoingia daftarini ilikuwa na mtu wa kudaiwa. Hakuna aliyehitaji kumfundisha mkulima wa wakati huo kuwa idadi na unyang'anyi vinaweza kutembea njia moja. Mwaka 1909 Wajerumani hao hao walichora mipaka ya misitu ya hifadhi juu ya Uluguru. Msitu ukawa na mpaka, na aliyekuwa akiingia humo kwa haki ya ukoo wake akawa mwizi.

Uluguru ina kumbukumbu nyingine iliyo chungu zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima wa milima hiyo kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: udongo usichukuliwe na mvua, mito isijae tope. Wataalamu walikuwa na vipimo vyao. Wakulima nao walikuwa na ujuzi wao, kwamba kuchimba ngazi katika ardhi ile kulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu ule usiozaa. Ujuzi huo haukusikilizwa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Vipimo havikukosekana katika habari hii. Kilichokosekana ni hesabu. Aliyepima mteremko hakusimama mbele ya mwenye shamba kumjibu kwa nini kazi imezidi na mavuno yamepungua. Hiyo ndiyo idadi bila ya hesabu, nayo hata ikiwa sahihi, mbele ya anayepimwa ni amri tu.

Upande wa pili kuna hesabu bila ya idadi, nayo Uluguru inaijua vilevile. Ardhi ya Waluguru kwa desturi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Koo hizo zilikuwa na misitu yao midogo ya mitambiko, ambamo mti haukukatwa ovyo wala moto haukuwashwa kwa mchezo. Miti ya humo haikuhesabiwa wala ndege wake hawakuandikwa. Hata hivyo ilikuwapo hesabu, na kali kweli kweli: mkuu wa ukoo alijua kuwa ataulizwa, na waliotangulia na watakaokuja. Mvua ikikosa, watu waliuliza ni nani aliyevunja mwiko. Hifadhi ile ilisimama juu ya fikra kwamba binadamu si mwenye mali bali ni mwenye amana, na mwenye amana siku yoyote huweza kuitwa.

Je, basi yafaa kuyatupa madaftari na kurudi kwenye mitambiko? La hasha. Anayesema hivyo anaipenda zamani kwa sababu hakuiishi. Amana ya ukoo ililinda kichaka cha ukoo, si mlima mzima. Mkuu wa ukoo mmoja hakuwa na njia ya kujua kwamba ndege anayemsikia kila asubuhi hapatikani Usambara, wala Udzungwa, wala penginepo. Kuna jambo jingine pia. Jicho la binadamu husahau. Kila kizazi hudhani kuwa msitu kilioukuta ndio msitu wenyewe, na bahari kiliyoikuta ndiyo bahari. Babu alipita kwenye miti siku nzima, baba nusu siku, mwana saa moja, na kila mmoja kati yao aliamini kuwa mambo yako kama yalivyokuwa. Upungufu unaokwenda polepole hauna shahidi isipokuwa idadi iliyoandikwa zamani na kulinganishwa na ya leo. Mvuvi wa Kizimkazi aliyemkuta pomboo mmoja amekufa katika jarife lake aliona ajali moja. Ilipokusanywa habari ya wavuvi wengi, kijiji kwa kijiji, ndipo ilipodhihirika kuwa ajali za mmoja mmoja, zikijumlishwa, ni nyingi mno kwa kundi dogo kama lile. Mvuvi hakusema uongo, na pomboo hawakuacha kufa. Idadi ndiyo iliyoyakutanisha mambo hayo mawili. Kwa maana hii anayehesabu ni shahidi, na ushahidi si jambo dogo.

Lakini shahidi si mlinzi, na anayechanganya vyeo hivyo viwili atajidanganya. Mfano wake umo katika mkoa huo huo wa Morogoro, mbali kusini mwa Uluguru, mpakani na Iringa, katika bonde la Kihansi lililo kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme likijengwa, alionekana hapo chura mdogo wa manjano asiyezidi sentimita 3, ambaye hutaga si mayai bali huzaa watoto walio hai, na ambaye makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la hekta chache linalorushiwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yalikatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, na bondeni vikawekwa vinyunyizio vya kuigiza manyunyu yaliyopotea. Vyura waliendelea kuhesabiwa. Mwezi Juni 2003 idadi yao ilikadiriwa kufika 20,000 hivi. Ilikuwa idadi ya kufurahisha, na waliofurahi walikuwa na haki. Miezi michache baadaye kundi lilianguka. Ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ulipatikana, na hadi leo wataalamu hawajaacha kujadiliana kuhusu uzito wa sababu nyingine. Januari 2004 walioonekana walikuwa wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa chura huyo ametoweka katika makazi yake ya asili.

Idadi ya Juni 2003 haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli, na ukweli wake haukumkinga chura hata mmoja. Hilo ni fundisho zito kwa yeyote anayedhani kuwa namba kubwa ni ngome. Aliyehesabiwa leo hajaahidiwa kesho. Hata hivyo habari ya Kihansi haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye faida kwa swali hili. Kwa kuwa vyura wale walijulikana na kuhesabiwa, kutoweka kwao hakukuwa siri, na wale waliohusika hawakuweza kusema kuwa hapakuwa na kitu. Waliulizwa, ikawabidi wajibu. Vyura waliolelewa ugenini walianza kurudishwa Tanzania mwaka 2010, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 kundi la kwanza likarudishwa bondeni Kihansi. Kiumbe asiyehesabiwa hufa bila ya kesi. Aliyehesabiwa akifa, kesi yake inabaki wazi. Idadi haikumwokoa chura wa Kihansi, ila ilimfanya awe na mdai.

Hapa mtu mwenye haki atauliza swali gumu zaidi. Umeme wa Kihansi huwasha taa za hospitali. Mama anayejifungua usiku ana haki ya taa, na mbele ya mama huyo chura wa sentimita 3 ni nini? Swali hili halijibiwi kwa namba, na anayejaribu kulijibu kwa namba, megawati 180 upande mmoja na vyura 20,000 upande wa pili, ameweka katika mizani vitu visivyo na mizani moja. Jibu la heshima huanza kwa kukataa uongo uliomo ndani ya swali lenyewe. Mama yule hakumwomba mtu yeyote amuue chura, wala hakuulizwa. Uamuzi ulifanywa na watu waliokuwa na muda, na elimu, na njia zaidi ya moja mbele yao. Hao ndio wanaopaswa kutoa hesabu, kwa mama na kwa chura pia. Kumtanguliza maskini mbele ili yeye ndiye aonekane kuwa mshindani wa kiumbe dhaifu ni hila ya zamani ya wenye nguvu.

Hila hiyo ndiyo inayorudi Uluguru kila panapohesabiwa. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru iliunganishwa ikawa hifadhi moja ya mazingira asilia, yenye hekta zipatazo 24,000. Kipwe amepata ulinzi wa sheria, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kuni za mwanamke anayeishi kando ya mpaka zimepata bei nyingine, nayo huilipa kwa miguu yake. Maji yanayotunzwa na msitu ule hunywewa na mamilioni ya watu walio mbali, ambao wengi wao hawajawahi kuuona mlima. Hao hufaidika na hawahesabiwi. Yeye hupungukiwa, naye hahesabiwi vilevile. Daftari linaloonyesha jozi za ndege bila ya kuonyesha nani amelipia kubaki kwao ni daftari lenye safu moja. Mhasibu yeyote wa duka dogo anajua kuwa hesabu ina pande mbili, lililoingia na lililotoka. Kizimkazi, ambako pomboo waliwahi kuchomwa kwa chusa ili nyama yao iwe chambo cha papa, na ambako tangu miaka ya 1990 wageni hulipa ili kuwatazama, safu hizo mbili zina sura nyingine, ila zipo. Watu wameona kuwa pomboo aliye hai ana faida. Pomboo naye amegundua kuwa mapenzi ya watu yana gharama, kwa kuwa mashua zinazomzunguka asubuhi hadi mchana humnyima mapumziko.

Namna gani basi idadi hugeuka kuwa hesabu? Sharti la kwanza ni kurudi. Anayehesabu mara moja na kuondoka amepiga picha. Anayerudi mwaka hata mwaka ameingia katika uhusiano, na penye uhusiano pana wajibu. Sharti la pili ni kuonyesha mipaka ya ujuzi. Ndege aliyenyamaza asubuhi ile hakuingia daftarini, na pomboo aliyezamia upande wa pili wa mashua hakupigwa picha. Mwenye kuhesabu kwa uaminifu husema "takriban," na neno hilo si udhaifu wake, ni adabu yake mbele ya kiumbe asiyemmiliki.

Sharti la tatu husahauliwa zaidi kuliko yote, nalo ni lugha. Hesabu hutolewa kwa anayeihitaji, kwa maneno anayoyafahamu. Ikiwa namba za Uluguru zinasomeka kwa Kiingereza London na Washington, na haziwezi kusomwa kwa Kiswahili chini ya mwembe wa Kinole au Matombo, basi hesabu imetolewa kwa asiyekabidhi amana, na aliyekabidhi ameachwa nje ya mlango. Kumwambia mwanakijiji kwamba ndege anayelia juu ya shamba lake hapatikani popote isipokuwa hapo, na kumwambia hivyo kwa lugha inayomwingia, si kazi ya ziada ifanywe fedha zikibaki. Ndiyo kazi yenyewe. Mtu hawezi kulinda kwa moyo kitu ambacho thamani yake ilisemwa asiposikia. Tena huenda yeye akawa na jambo la kuongeza, kwa kuwa sauti ile ameisikia tangu utotoni, kabla ya daftari lolote kufunguliwa.

Watu huuliza mara nyingi kama viumbe wana haki. Mjadala huo ni mrefu na wenye vichwa wanauendesha. Lakini wajibu wa mwenye kuhesabu haungoji mwisho wa mjadala, kwa sababu hautoki katika haki ya anayehesabiwa, unatoka katika tendo la kuhesabu. Asiyejua ana udhuru. Aliyejua kuwa jozi ni 1,200 na siku moja akakuta ni 600, hana tena udhuru wa kutojua. Amejivua mwenyewe kwa mkono wake. Ndiyo maana kuhesabu ni tendo la ujasiri kuliko linavyoonekana. Anayeandika namba ya kwanza ametia saini ya kuulizwa namba ya mwisho, na wa kumuuliza ni wengi: mwenye kuni, mwenye jarife, mtoto atakayekuja kuuliza lile jina lilikuwa la ndege gani. Ndege mwenyewe hatauliza. Kwa hiyo ni juu ya walio na ulimi kuhakikisha kwamba kunyamaza kwake hakuchukuliwi kuwa ni msamaha.